'Andika tu, yaishe': Karatasi zinazommaliza mfanyakazi kabla hajafika kwa hakimu

Hesabu ya stoo ilifungwa Jumamosi saa 1 usiku. Katoni 38 za mafuta ya kula zilikuwemo kwenye daftari, kwenye rafu hazikuwepo. Mtunza stoo, kijana aliyelitumikia duka hilo la jumla la Kariakoo kwa miaka minne, alihesabu mara ya pili. Akahesabu mara ya tatu, bosi wake akiwa amesimama nyuma yake. Jibu likawa lilelile.

Saa 3 usiku alikuwa kituo cha polisi. Kabla hajatolewa dukani alikuwa ameshasaini karatasi ya kwanza, kwamba anadaiwa thamani ya katoni zile na atailipa ndani ya miezi mitatu. Kituoni akasaini ya pili, ya maelezo yake. Jumanne asubuhi shemeji yake alipomtoa kwa dhamana, dukani alikuta ya tatu ikimsubiri: barua ya kuacha kazi kwa hiari, imeshachapwa, pamebaki pa kujaza jina tu.

Kila karatasi ilikuja na maneno yaleyale. Andika tu, yaishe.

Hayakuisha. Wiki tatu baadaye alisomewa shtaka la wizi wa mtumishi. Na siku 118 baada ya ile Jumanne alikuwa kwenye benchi la ofisi ya wakili mmoja Ilala, bahasha ya kaki mapajani, akiapa kwamba hakuiba. Wakili alimsikiliza kwa adabu, kisha akamwambia hilo la wizi litapata zamu yake. Kwanza amtajie tarehe ya barua.

Wakili huyo, mama wa makamo, amesimama mbele ya mahakimu na majaji kwa zaidi ya miaka 20. Asubuhi hutetea washtakiwa wa jinai, mchana huhangaika na migogoro ya kazi, mara upande wa mwajiri, mara wa mwajiriwa. Ameomba yeye na mteja wake wasitajwe majina, kwa sababu mashauri yanaendelea.

Njia mbili, na kila moja na saa yake

Kosa la kijana yule, kwa maelezo ya wakili, ndilo analolikuta mara nyingi kuliko yote: alingoja kesi ya polisi iishe ndipo aende kudai kazi yake. Aliona aibu kudai mishahara huku anaitwa mwizi. Alitaka asafishwe jina kwanza.

Sheria haimngoji. Katoni 38 zimezaa mashauri mawili yasiyojuana. La kwanza ni la Jamhuri dhidi ya mshtakiwa. Humo mwenye duka ni shahidi tu, si mwenye kesi, na hata akisema amesamehe bado mwendesha mashtaka ndiye mwenye neno. Wizi unatakiwa kuthibitishwa pasipo kuacha shaka.

La pili ni la mwajiri na mwajiriwa, na mlango wake ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wengi wanaiita CMA. Huko kinachopimwa si kama uliiba. Ni kama uliachishwa kazi kwa sababu halali na kwa utaratibu wa haki, na kipimo chake ni mizani tu: upande upi unaelekea kuwa kweli zaidi.

> Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa CMA ndani ya siku 30. Madai mengine ya kazi, kama malimbikizo ya mishahara au likizo, ni siku 60.

Siku 30 hizo zinaanza kuhesabiwa tangu kuachishwa. Hazisimami kwa sababu upo mahabusu, wala kwa sababu hakimu ameahirisha kesi. Aliyechelewa anaweza kuomba aongezewe muda, lakini lazima aeleze sababu ya kila siku iliyopotea. Kusema "nilikuwa nangoja kesi nyingine" mara nyingi hakutoshi.

Ndiyo maana mtu anaweza kushinda jinai na kupoteza kazi. Kinyume chake pia hutokea, na hapo ndipo waajiri hukasirika: mfanyakazi ana hatia ya wizi mbele ya kila mtu mtaani, lakini Tume inaamuru alipwe.

Upungufu si wizi

Hapa wakili alinyanyuka, akafungua kabati, akaanza kuzungumza kama yupo mahakamani. Inaonekana ndipo moyo wake ulipo.

Shtaka la wizi wa mtumishi ni zito. Kanuni ya Adhabu inaliwekea kifungo cha hadi miaka 10. Uzito wake unatokana na uaminifu uliovunjwa, mwajiri alikukabidhi mali nawe ukaigeuza yako. Lakini uzito huohuo unamtwisha mwendesha mashtaka mzigo ambao waajiri wengi hawaujui wanapokimbilia kuchukua RB, namba ya taarifa polisi.

Daftari kusema 38 na rafu kusema sifuri ni upungufu. Ili uwe wizi, lazima ithibitike kwamba katoni zile ziliingia stoo kweli, kwamba zilikuwa mikononi mwa huyu na si mwingine, na kwamba alizichukua kwa nia ya kumnyima mwenyewe mali yake.

Maswali ya dodoso huanzia hapo. Nani alipokea mzigo na hati ya kupokelea iko wapi? Funguo za stoo ni seti ngapi? Siku mtunza stoo alipokuwa likizo, nani alitoa mali? Hesabu ya mwisho kabla ya hii ilifanyika lini, na nani alisaini? Kuna stakabadhi za mauzo ambazo hazikuingizwa kwenye daftari?

Katika maduka mengi ya jumla funguo anazo mwenye duka, anazo shemeji yake, na ya tatu imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Kesi ya namna hiyo, isipokuwa na kingine, huyumba siku ya shahidi wa kwanza.

Isipokuwa na kingine. Kijana huyu alisaini vingine viwili.

Usiku wa kwanza

Karatasi ya maelezo ya onyo huwa na urefu wa ukurasa mmoja au miwili, na mara nyingi ndiyo kesi nzima. Sheria inaruhusu ungamo lililotolewa kwa askari lipokelewe kama ushahidi, ili mradi lilitolewa kwa hiari. Mshtakiwa akilikana baadaye, mahakama inatakiwa kuwa na tahadhari, lakini linabaki mezani.

Kabla ya maelezo hayo, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ina mambo kadhaa inayoyataka. Aliyekamatwa aambiwe kwa nini amekamatwa. Aonywe kwamba halazimiki kusema chochote na kwamba atakachosema kinaweza kutumika dhidi yake. Aruhusiwe kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Na mahojiano yafanyike ndani ya saa 4 tangu awe chini ya ulinzi, isipokuwa muda umeongezwa kisheria.

Saa 4 hizo si mapambo. Mahakama ya Rufani imeshayaondoa kwenye ushahidi maelezo mengi ya onyo kwa sababu yaliandikwa muda ukiwa umepita bila nyongeza. Kwa hiyo ushauri wa wakili kwa mtu aliyekamatwa ni mwepesi kuusema na mgumu kuutekeleza saa 4 usiku: angalia saa, soma ulichoandikiwa, na kama saa iliyoandikwa si ya kweli, usiisaini.

Kunyamaza hakumfanyi mtu kuwa mwizi. Nasema hivi kwa sababu hata baadhi yetu waandishi tumeshaandika "mtuhumiwa aligoma kuongea" kana kwamba tumekamata ushahidi.

Kuhusu dhamana, aliyekamatwa bila hati anatakiwa kufikishwa mahakamani mapema iwezekanavyo. Ikiwa haitawezekana ndani ya saa 24, mkuu wa kituo anatakiwa kufikiria kumwachia kwa dhamana, isipokuwa kwa makosa mazito. Kuanzia Jumamosi saa 3 usiku hadi Jumanne asubuhi ni karibu saa 60. Waajiri wanaojua mambo hupiga simu Ijumaa jioni au Jumamosi.

Dhamana yenyewe haiuzwi, iwe ya polisi au ya mahakama. Kinachotakiwa ni wadhamini wenye vitambulisho na barua ya serikali ya mtaa, na pale thamani ya mali inapokuwa kubwa, mahakama inaweza kutaka fedha taslimu au hati ya mali. Makosa machache hayana dhamana kabisa: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, utakatishaji fedha. Hilo la mwisho linawahusu makarani na wahasibu zaidi ya wanavyodhani. Shtaka la utakatishaji likipachikwa kando ya la wizi, mshtakiwa anakwenda rumande hadi kesi iishe.

Shoti na robo ya mshahara

Turudi kwenye karatasi ya kwanza, ile ya deni.

Keshia wa supamaketi, muuza mafuta kituoni, kondakta, mhudumu wa baa: wote wanalijua neno shoti. Fedha zimepungua, mwisho wa siku unakatwa. Katika sehemu nyingi mtu huanza kazi Jumatatu, na kufikia Ijumaa ameshaelezwa kwamba hapa shoti ni yako. Hakuna anayeuliza ilipatikanaje.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inauliza. Mwajiri hawezi kukata mshahara kufidia hasara mpaka hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, aeleze kwa maandishi chanzo chake, kiasi na namna kilivyohesabiwa, na ampe mfanyakazi nafasi ya kupinga. Jumla haiwezi kuzidi hasara halisi, na makato hayawezi kuzidi robo ya ujira.

> Anayelipwa Sh300,000 kwa mwezi hawezi kukatwa zaidi ya Sh75,000 kufidia hasara, hata kama hasara ni yake kweli.

Mtunza stoo wetu aliahidi kumaliza deni kwa miezi mitatu. Kwa kukatwa robo, asingelimaliza ndani ya mwaka. Ila hatari kubwa ya karatasi ile si makato. Kukubali deni si kukiri wizi, mtu anaweza kulipa kwa kuwa stoo ilikuwa dhamana yake. Lakini karatasi ikitua mbele ya hakimu, mwendesha mashtaka ataisoma kwa sauti nyingine.

Nami niongeze langu: kituo cha polisi si ofisi ya kudai madeni. Tunajua sote kinavyotumika. Deni likilipwa kaunta, kesi "inaisha", na asiye na wa kumlipia analala ndani.

Barua ya hiari isiyo hiari

Katika ugomvi wa kuachishwa kazi, mwajiri ndiye mwenye kazi ya kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu na kwamba alifuata utaratibu. Huo ndio upendeleo mkubwa ambao sheria imempa mfanyakazi, na barua ya kuacha kazi inaufuta kwa saini moja. Mwajiri atafika CMA na kusema hakumwachisha mtu, mtu aliacha mwenyewe. Sasa wewe ndiye unayetakiwa kuthibitisha kwamba ulilazimishwa.

Sheria haijaufunga mlango huo. Inatambua kwamba mfanyakazi anaweza kuacha kazi kwa sababu mwajiri ameyafanya mazingira yasivumilike, na hilo linahesabika kuwa ni kuachishwa. Ila uthibitisho wake ni mgumu. Ujumbe wa simu wa siku ileile, shahidi aliyekuwepo, au barua ya kupinga iliyoandikwa kesho yake, vyote vina uzito kuliko kiapo kilichoandikwa miezi minne baadaye.

Utaratibu ambao mwajiri aliukwepa umeandikwa katika Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007. Afanye uchunguzi. Ampe mtuhumiwa tuhuma kwa maandishi na muda wa kujiandaa usiopungua saa 48. Kikao cha nidhamu kiongozwe na mtu asiyehusika na tukio. Mfanyakazi aje na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake, aulize mashahidi, ajitetee, apewe uamuzi wenye sababu na nafasi ya kukata rufaa.

Asiyepitishwa huko hata kama aliiba, anaweza kulipwa. Sheria ya 2004 ilivyopitishwa iliweka fidia isiyopungua ujira wa miezi 12, au arejeshwe kazini. Sheria za kazi zilirekebishwa tena mwaka 2025, hivyo anayefungua shauri leo aulize kwanza viwango vya sasa. Asibebe namba za vifungu kichwani pia: Toleo la Urekebu la Sheria la mwaka 2023, lililoanza kutumika Julai 1, 2025, limezihamisha nyingi.

Kuna wasiofaidi kinga hii. Mwenye chini ya miezi sita kazini hawezi kudai kwamba aliachishwa isivyo haki. Watumishi wa umma wana ngazi zao za rufaa za kumaliza kwanza. Zanzibar ina sheria yake ya ajira, ya mwaka 2005.

Hoja ya mwenye duka

Ukikaa na wenye maduka, unasikia upande mwingine, na si wa kupuuzwa.

Mtaji ni mkopo wa benki. Duka lina watu watatu. Huyo mwenyekiti wa kikao asiyehusika atatoka wapi, awe mke wa mwenye duka? Mfanyakazi akipewa saa 48 za kujiandaa, ndizo saa 48 za kuhamisha mali iliyobaki na kuwapanga mashahidi. Na mtu akishaiba, kumpa barua tatu na kikao kunaonekana kama kumwomba radhi.

Kinachowauma zaidi ni kifungu kinachoyakutanisha mashauri haya mawili. Sheria inasema mfanyakazi aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai hawezi kuadhibiwa wala kufukuzwa kwa kosa ambalo kimsingi ni hilohilo mpaka mahakama imalize, pamoja na rufaa. Kanuni zinamruhusu mwajiri amsimamishe wakati huo, ila kwa malipo kamili.

Kwa mwenye duka hiyo maana yake ni kumlipa anayemtuhumu, mwezi kwa mwezi, huku kesi ikitajwa na kuahirishwa. Kwa mfanyakazi ni kinga ya maana: kikao cha nidhamu kingemlazimisha aweke utetezi wake wote mezani, kisha bosi aubebe kwenda kumpa mwendesha mashtaka.

Ubishi uko kwenye neno "aliyeshtakiwa". Ni tangu unapokamatwa, au tangu unaposomewa shtaka? Waajiri wenye washauri wazuri hawangoji jibu. Wanamaliza suala la kazi kabla ya mahakamani, au wanaandika tuhuma tofauti, kama uzembe au kukiuka taratibu za stoo. Mwenye duka wa Kariakoo hakuwa na mshauri. Alikuwa na barua ya hiari, nayo ilimfikisha palepale.

Wakili, ambaye amewatetea waajiri pia, haoni kwamba sheria inamlinda mwizi. Faili anazoletewa na waajiri zinafanana: kuna RB, kuna hasira, hakuna muhtasari wa kikao. Anaamini kwamba siku tatu za kufuata utaratibu zingewaokoa wengi wao. Tuhuma ya uzembe, yenye daftari na hati za kupokelea mzigo, inathibitika kwa mizani. Haihitaji polisi wala hakimu.

Nakubaliana naye kwa sehemu. Utaratibu uliotungwa kwa kiwanda chenye ofisi ya rasilimali watu haumkai vizuri mwenye duka la milango miwili, na wenye kutunga kanuni wangeweza kumfikiria zaidi. Lakini dawa yake haiwezi kuwa mahabusu ya wikiendi.

Lugha ya mkataba

Jambo dogo, ila linaudhi. Februari 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Mwezi huohuo, kwenye Siku ya Sheria jijini Dodoma, Rais John Magufuli alimpandisha Jaji Zephrine Galeba kwenda Mahakama ya Rufani baada ya jaji huyo kuandika hukumu kwa Kiswahili. Mkataba wa kijana huyu, uliosainiwa baada ya hapo katikati ya Kariakoo na watu wawili wanaoongea Kiswahili tangu utotoni, ni wa Kiingereza. Hakuna kati yao aliyeusoma.

Dirisha la CMA

Kufungua shauri CMA si kazi ya wakili peke yake. Mfanyakazi anaweza kwenda mwenyewe, na kiongozi wa chama au mwakilishi aliyemchagua. Anajaza Fomu Namba 1, anampelekea mwajiri nakala, na kubaki na uthibitisho kwamba imepokelewa. Usuluhishi hutangulia. Ukishindikana, shauri linakwenda kwenye uamuzi, na asiyeridhika ana wiki sita za kuomba mapitio Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi.

Fomu ile inaonekana nyepesi, na ndiyo mtego wake. Usichoandika humo ni vigumu kukidai baadaye. Sehemu B ni ya walioachishwa kazi. Wapo walioiacha wazi na shauri likafia hapo. Kiinua mgongo, kwa mfano, ni siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Kwa miaka minne ni siku 28, ila halipwi aliyefukuzwa kwa haki kwa utovu wa nidhamu. Notisi ya anayelipwa kwa mwezi ni siku 28. Likizo isiyotumika inadaiwa. Cheti cha utumishi nacho ni haki yako. Vyote viandikwe.

Mtunza stoo amejaza fomu mbili siku moja: ya madai, na ya kuomba muda kwa siku 88 alizochelewa. Sababu aliyoandika ni ileile aliyoisema kwenye benchi, kwamba alitaka asafishwe jina kwanza.

Hadi tunakwenda mtamboni, ombi hilo halijatolewa uamuzi, na kesi ya jinai imepangwa kutajwa tena mwezi ujao. Msomaji mwenye barua ya namna hii nyumbani, itoe ilipo usiku huu, uangalie tarehe.